Kwa nini kompyuta inakupa sifuri pale ambapo mwalimu angekupa maksi mbili

Chukua swali jepesi la aljebra: rahisisha 2(x + 3) − (x − 4). Jibu ni x + 10, na swali lina maksi tatu. Mwanafunzi wa kwanza anafungua mabano ya mwanzo vizuri, anapata 2x + 6, lakini akifika kwenye mabano ya pili anasahau kwamba ile alama ya kutoa iliyo nje inaigeuza −4 kuwa +4. Anaandika x + 2. Mfumo wa mtandaoni unampa sifuri. Mwanafunzi wa pili hajui hata pa kuanzia, kwa hiyo ananakili swali lenyewe kama lilivyo, 2(x + 3) − (x − 4), anabonyeza kitufe cha kuwasilisha na, kama swali lilitungwa kizembe, anapata maksi zote tatu.

Visa vya namna hii ndivyo vinavyowafanya wanafunzi walalamike, wazazi wakasirike na walimu wabaki wakijitetea. Wapo wanaosema kompyuta ni katili, wapo wanaosema ni pumbavu, na siku hizi wameongezeka wanaoamini kwamba ndani yake kuna akili bandia inayompendelea huyu na kumkandamiza yule. Ukweli ni mkavu zaidi. Programu nyingi zinazosahihisha kazi za hesabu haziamui lolote siku unapojibu. Uamuzi ulishapitishwa na mtu aliyekaa akatunga swali, akaandika majibu gani yapate nini, akafunga faili. Maksi zako zilikuwa zinakusubiri kabla hujaingia kwenye mfumo.

Maksi pungufu, kama tutakavyoziita hapa, ni maksi zozote zilizo juu ya sifuri na chini ya jumla ya swali. Zinazojulikana zaidi ni maksi za njia: zile anazopewa mwanafunzi aliyefuata utaratibu sahihi hata kama jibu la mwisho limepotoka. Miongozo ya kusahihisha mitihani ya Uingereza imezipa herufi zake kabisa: M kwa njia, A kwa usahihi wa jibu lililotokana na njia hiyo, B kwa jambo linalojitegemea. Kuna pia “ft”, inayomwambia msahihishaji kwamba mwanafunzi aliyekosea mapema asiadhibiwe tena kwa kosa lilelile, ilimradi hatua zilizofuata zimeifuata sawasawa namba yake mbovu.

Mwalimu anaweza kufanya yote hayo kwa sababu ana karatasi yenye kazi mbele yake. Anaona 2x + 6, anaona mahali alama ilipoteleza, anatia vema mbili na mkasi mmoja. Kompyuta, katika mfumo wa kawaida, ina kisanduku kimoja tu, na ndani yake kuna x, alama ya kujumlisha na 2. Daftari lako haijaliona. Haijui kama x + 2 imetokana na kosa dogo la alama, na kubahatisha, au na kumchungulia jirani ambaye naye amekosea. Swali la kisanduku kimoja ni kama kufuli: ufunguo uliokosea jino moja haufungui nusu ya mlango.

Kabla ya maksi pungufu, kujua tu kuwa jibu ni sahihi

Watu hudhani kwamba sehemu hii ni rahisi na ugumu unaanzia mbele. Si hivyo. Jibu moja la hesabu linaweza kuandikwa kwa namna zisizo na idadi: x + 10, 10 + x, (2x + 20)/2. Programu inayolinganisha herufi kwa herufi ingekataa zote isipokuwa ile iliyoandikwa na mwalimu. Kwa hiyo mifumo mizuri hulinganisha thamani badala ya maandishi, na kuna njia mbili kuu za kufanya hivyo.

Ya kwanza ni kujaribu namba. WeBWorK, mfumo ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani, hufanya hivyo: huchagua thamani kadhaa za x bila mpangilio, huziingiza kwenye jibu lako na kwenye jibu la mwalimu, kisha hutazama kama matokeo yanalingana. Namba moja haitoshi. Mtu aliyejibu x² mahali pa x angepita kama x ingekuwa 0 au 1; ndiyo maana huchukuliwa namba kadhaa, na zile za ovyo kama 0.37 ni bora kuliko zile nadhifu.

Njia ya pili ni kuipa kompyuta aljebra yenyewe ifanye. STACK, programu ya kusahihisha hesabu iliyoanzishwa na Chris Sangwin mwaka 2004 alipokuwa Chuo Kikuu cha Birmingham, hutumia programu ya aljebra iitwayo Maxima. Huchukua jibu lako, hulitoa kwenye jibu la mwalimu, hurahisisha, na kutazama kama kinachobaki ni sifuri. Inapendeza, ila nayo ina ukuta wake. Mwaka 1968 mwanahisabati Daniel Richardson alithibitisha kwamba ukiruhusu vitu vya kutosha kwenye hesabu, kama sine, namba π na thamani kamili, hakuna utaratibu mmoja wa kompyuta unaoweza kuamua kila mara kama kitu fulani ni sawa na sifuri. Kwa maswali ya shuleni ukuta huo uko mbali, usikupe wasiwasi. Nimeutaja kwa sababu ya wale wanaosema kwamba hesabu ndilo somo pekee ambalo kompyuta haiwezi kukosea.

Njia zote mbili zinakubali kwamba 2(x + 3) − (x − 4) ni sawa na x + 10. Na ni sawa kweli! Ndiyo maana yule aliyenakili swali alipita. Mtunzi aliuliza “je, jibu hili lina thamani sawa na langu?” akasahau kuuliza “je, limerahisishwa?” Hayo ni maswali mawili, na kompyuta hujibu lile tu iliyoulizwa. STACK ina vipimo vya umbo kando ya vipimo vya thamani, lakini ni lazima mtu avichague.

Kisha kuna desimali, mama wa malalamiko. WeBWorK ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida huvumilia tofauti ya sehemu moja kwa elfu ya jibu. Kama jibu ni 1/3 nawe umeandika 0.33, umepungukiwa na sehemu moja kwa mia; umekosa. Ukiandika 0.3333 umepata. Mwanafunzi anayekadiria mapema, akachukua 0.33 na kuizidisha katika hatua tatu zaidi, hufika mwisho akiwa nje ya uvumilivu huo na hajui kwa nini, maana njia yake yote ni safi. Hili si suala la maksi pungufu hata kidogo, lakini ndilo linalochanganywa nalo mara nyingi kuliko jingine. Iache sehemu kama 1/3 ibaki 1/3 mpaka hatua ya mwisho.

Na kuna uchapaji. Ukiandika 1/2x, unamaanisha nusu ya x au moja juu ya 2x? Mwalimu angeelewa kutokana na mstari uliotangulia. Programu zina kanuni zao, na hazifanani. STACK ina utaratibu ambao natamani ungekuwa kila mahali: kwanza hukuonyesha jinsi ilivyokisoma ulichoandika, na mpaka hapo haijasahihisha chochote. Ukisahau kufunga mabano, hukuambia tu urekebishe, hupotezi kitu. Wanafunzi wengi huipita hatua hiyo bila kuitazama.

Makosa yanayotabirika

Sasa turudi kwa yule wa x + 2. Inawezekanaje kompyuta isiyoona kazi yake impe maksi mbili?

Inawezekana kwa sababu watu hawakosei ovyo. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walichapisha utafiti kuhusu watoto wanaofanya hesabu za kutoa, pamoja na programu waliyoiita BUGGY. Walionyesha kwamba majibu mengi yanayoonekana ya hovyo ni matunda ya kanuni mbovu inayofuatwa kwa uaminifu. Mtoto anayesema 52 − 27 ni 35 hajabahatisha. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Mpe 81 − 46 na unaweza kuandika jibu lake kabla yake: 45.

Mtunzi makini hufanya vivyo hivyo. Anajiuliza: ni wapi watateleza? Atakayesahau kugeuza alama kwenye mabano ya pili atapata x + 2. Atakayezidisha 2 kwa x tu na kuisahau 3 atapata x + 7. Atakayefanya makosa yote mawili atapata x − 1. Kisha anaiambia programu: ukiona x + 2, toa maksi mbili na umkumbushe kuhusu alama, ukiona x + 7, toa mbili na umkumbushe kwamba kilicho nje ya mabano kinazidisha kila kilicho ndani, ukiona x − 1, toa moja. Katika STACK utaratibu huu hupangwa kama mti: kila kifundo huuliza swali moja kuhusu jibu, na ndiyo au hapana hukupeleka kwenye tawi lake, lenye maksi na maoni yake.

Hapo ndipo yalipo maksi za njia za kompyuta. Haijaiona njia, imeikisia kutokana na mahali ulipofikia. Kukisia huko kuna madhara yake. Anayefika x + 2 kwa bahati hupewa maksi mbili pamoja na mawaidha kuhusu alama ambayo hakuigusa. Anayefanya kosa ambalo mtunzi hakulifikiria, hata kama ni dogo kuliko yote, huambulia sifuri. Na upande wa pili kuna yule anayefika pazuri kwa njia mbaya. Mfano wake maarufu ni 16/64: kata 6 ya juu na 6 ya chini, inabaki 1/4. Jibu ni sahihi, kazi ni kichekesho, na kompyuta inampa zote. Mwalimu mwenye karatasi asingempa.

Kwa hiyo wanaodai kwamba kompyuta huonea wanafunzi wanasema nusu tu ya jambo. Huwapendelea vilevile, ila anayependelewa halalamiki.

Kulikata swali vipande

Njia nyingine ni kuuliza hatua zenyewe: kisanduku cha kwanza andika mabano ya kwanza yaliyofunguliwa, cha pili andika ya pili, cha tatu andika jibu. Kila kisanduku maksi moja. Ni rahisi kutunga, na kwa mwanafunzi inaonekana ya haki.

Mimi naiona kuwa na gharama isiyosemwa. Ukimuuliza mtu hatua, umeshamfundisha hatua. Swali lililokuwa linapima kama anajua pa kuanzia sasa linapima kama anaweza kufuata maelekezo. Numbas, mfumo wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, una suluhisho la katikati: swali linakuja zima, lakini mwanafunzi aliyekwama anaweza kuomba hatua zifunuliwe, na mtunzi anaweza kuweka bei yake kwa maksi. Anayejua njia hajaonyeshwa njia, na asiyejua anabaki na kitu cha kufanya.

Vipande vina tatizo la pili, na hili ndilo linaloumiza kweli. Pembetatu yenye pembe mraba ina pande fupi za 6 na 8. Sehemu (a): tafuta upande mrefu. Sehemu (b): tafuta mzingo. Majibu ni 10 na 24. Mwanafunzi amekosea (a), amejumlisha tu, akapata 14. Katika (b) anajumlisha 6, 8 na 14, anapata 28. Kujua mzingo anajua. Mfumo unalinganisha 28 na 24, sifuri. Ameadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, jambo ambalo “ft” ya kwenye karatasi iliwekwa kulizuia.

Numbas inaweza kulitatua: mtunzi huagiza kwamba jibu la (b) likikosea, programu ikokotoe upya jibu linalotarajiwa kwa kutumia 14 ya mwanafunzi mwenyewe, kisha ilinganishe tena. Sasa 28 inapita, na mtunzi akitaka anaweza kupunguza kidogo. Lakini ni lazima awe mwangalifu. Kama (a) iliyokosewa inaifanya (b) kuwa nyepesi kupita kiasi, mathalani mtu aliyeandika 0 ili kila kinachofuata kiwe 0, basi maksi zinachotwa bure. Pia sehemu ya (b) iliyoandikwa na namba ya kudumu ndani yake haiwezi kukokotolewa upya. Ni lazima itungwe kama fomula tangu mwanzo. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya swali la zamani kukosa huduma hii, wala si roho mbaya ya mtu.

Maswali ya kuweka tiki

Hapa ndipo ninapoona uzembe mwingi zaidi. Swali lina sentensi tano, mbili za kweli, na unatakiwa kuweka tiki kwenye za kweli. Tuseme kila tiki sahihi ni nusu ya maksi na tiki mbaya haina adhabu. Mwanafunzi mjanja anaweka tiki zote tano na kuondoka na maksi kamili. Basi mtunzi mwingine anageuza: kila sentensi isahihishwe peke yake, iliyo na tiki inavyostahili au isiyo na tiki inavyostahili inapata moja ya tano. Sasa asiyegusa kitu amepata 60%, kwa kuwa sentensi tatu za uongo “amezijibu” sawasawa.

Dawa ni hesabu ndogo. Tiki sahihi ilete 1/2, tiki mbaya iondoe 1/3, na jumla isishuke chini ya sifuri. Aliyeweka zote anapata 1 kutoa 1, yaani sifuri. Asiyeweka yoyote, sifuri. Aliyeijua moja na kunyamaza kuhusu zingine, nusu. Ni mantiki ileile ya mitihani ya kuchagua jibu moja kati ya manne inayokata theluthi kwa kila kosa: anayebahatisha kila swali hupata moja na kupoteza theluthi tatu katika kila manne, kwa wastani hajapata wala hajapoteza. Wanafunzi huita makato hayo adhabu. Kihesabu yanamrudisha tu mbahatishaji kwenye sifuri.

Jaribu tena

Kuna maksi pungufu ambazo hazihusiani na njia kabisa, zinahusiana na mara ya ngapi umejaribu. Katika Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo na majaribio mtandaoni, makato ya kawaida yaliyowekwa kwenye swali jipya ni theluthi moja kwa kila jaribio lililokosewa: ukipata mara ya pili unabaki na takribani 67%, mara ya tatu 33%. Mwalimu anaweza kubadilisha kiwango hicho, au kukifuta.

Kwa kazi ya nyumbani, siyo mtihani, naiona hii kuwa bora kuliko mti wowote wa makosa. Mwanafunzi wa x + 2 akiambiwa tu “tazama tena alama kwenye mabano ya pili” na kupewa nafasi nyingine, ataandika x + 10 ndani ya dakika moja, na atakuwa amejifunza kitu ambacho maksi mbili kati ya tatu zisingemfundisha. Hatari yake inajulikana: wapo watakaojaribu namba moja baada ya nyingine mpaka mlango ufunguke. Kwenye swali la kuchagua kati ya manne hilo ni rahisi mno, kwa hiyo hapo makato yawe makali. Kwenye swali la kuandika jibu la aljebra, kubahatisha hakukufikishi mbali, na makato yanaweza kuwa madogo au yasiwepo.

Je, kompyuta haiwezi kusoma kazi yenyewe?

Inaanza. STACK ina kisanduku kinachokubali mistari mingi, mlinganyo chini ya mlinganyo, na huangalia kama kila mstari unalingana na uliotangulia. Ukiandika x² = 9 kisha x = 3, itakuonyesha kwamba mistari hiyo miwili hailingani, kwa kuwa −3 imepotea njiani. Hii inakaribia sana jicho la mwalimu, ila inafaa zaidi kwa kazi za aljebra kama kutatua milinganyo. Swali la maneno lenye mchoro na maelezo bado huwezi kuliingiza humo.

Halafu kuna akili bandia inayosoma picha ya mwandiko wako na kutoa maksi. Hii ni mashine ya aina nyingine kabisa na isichanganywe na zile za juu. Mti wa STACK ukipewa x + 2 mara elfu utatoa maksi zilezile mara elfu, na mtunzi anaweza kukuonyesha tawi lililozitoa. Modeli ya lugha, yaani akili bandia ya aina hiyo, inaweza kukisoma kitu ambacho hakuna aliyekitabiri, na hilo ni jambo kubwa, lakini inaweza pia kutoa maksi tofauti kwa karatasi ileile ikiulizwa tena, na kueleza kwa lugha tamu kosa ambalo halipo. Anayeitumia bila binadamu wa kukata rufaa kwake amehamisha tatizo tu.

Kwa mwenye sifuri mkononi leo, mpangilio wa kuangalia ni huu: mfumo ulikisoma vipi ulichochapa, je, wewe ulikadiria desimali mapema, na je, umbo la jibu lako ndilo lililotakiwa. Vyote vikiwa sawa, mwandikie mwalimu ukiambatanisha kazi yako yote, siyo jibu la mwisho peke yake. Jibu lako lingali limehifadhiwa kwenye mfumo. Akiona kwamba ni kosa ambalo hakulitabiri, anaweza kuongeza tawi kwenye swali na kuagiza majaribio yote yasahihishwe upya. Moodle ina amri ya kufanya hivyo kwa jaribio zima kwa mkupuo. Maksi zitapanda kwako na kwa kila mwenzako aliyeandika kitu kilekile, hata yule ambaye hakulalamika.